Barua kwa Mwanangu Anayeuliza Kama Asubiri Kuolewa

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kama uolewe sasa au usubiri mpaka kampuni yako isimame, kwa kuwa unahofia ndoa itakupunguzia kasi. Kuhusu tarehe sina la maana la kukuambia, kwani hakuna siku ambayo kampuni hutangaza kwamba imesimama. Ninachotaka kujua mimi ni kama kijana huyo amewahi kuliona daftari lako la hesabu, pamoja na madeni yote ya kampuni. Umenisikia nikilisema hili tangu utotoni: anayebeba hasara ana haki ya kuona daftari.

Unaikumbuka ile fomu ya mkopo, ingawa huenda unakumbuka zaidi kimya kilichofuata nyumbani. Baba yako aliiweka mezani usiku, nyumba yetu ikiwa ndiyo dhamana, akaniambia nitie saini na maelezo yatafuata, kwa sababu oda kubwa ilikuwa inamsubiri. Nilikataa. Sikuukataa mkopo; nilikataa kutia saini jambo nisilolisoma, na tofauti hiyo shangazi yako hajaikubali hadi leo. Baba yako alinuna, kisha akaleta vitabu vyote, tukavipitia ukurasa kwa ukurasa, tukaona kwamba biashara ilikuwa na faida kwenye karatasi huku wateja wakubwa wakiwa bado hawajalipa, kwa hiyo oda ile ingemeza fedha zote za kuendeshea kazi kabla haijarudisha chochote, ilhali marejesho ya mkopo yangeanza kudaiwa mara moja. Tukakopa kiasi kidogo. Oda ikaenda kwa mshindani wetu, naye akakua na kutuacha mbali.

Sikufichi, bado linaniuma. Kila familia inapokutana, shangazi yako hulirudia kwa mzaha, kwamba kaka yake angekuwa tajiri kama si mimi, na baba yako hucheka bila kumjibu. Huenda shangazi ana hoja, maana mshindani yule aliichukua hatari ileile na hakuanguka. Lakini hatari hupimwa kwa kile utakachobaki nacho ukishindwa, na sisi tungebaki na watoto bila nyumba.

Unaposema kwamba mwenzi hupunguza kasi, mimi humkumbuka Bertha Benz, mke wa Karl Benz, yule Mjerumani mvumbuzi wa gari la injini. Hata kabla ya kufunga ndoa na Karl mwaka 1872, aliingiza kwenye karakana ya mchumba wake huyo fedha alizopewa na wazazi wake kwa ajili ya ndoa. Gari la Karl lilipata hataza, yaani hati ya kulinda uvumbuzi, mwaka 1886, lakini wanunuzi hawakulichangamkia. Mwaka 1888 Bertha aliwachukua wanawe wawili, akasafiri nalo kutoka mji wa Mannheim hadi Pforzheim, huko Ujerumani, karibu kilomita 100, na mrija wa mafuta ulipoziba njiani aliuzibua kwa pini ya kofia yake. Angewezaje, kama mtambo ule ungekuwa siri ya mumewe? Anayebeba hasara ana haki ya kuona daftari, na akishaliona anaweza kuisukuma kazi pale mwenye kampuni anapositasita. Kwamba aliondoka bila kumwambia mumewe, hilo usiliige. Au liige, kwa kuwa pengine Karl angemzuia.

Umeandika kwamba mnapendana na kwamba nyote ni wachapakazi. Sina shaka, lakini hujaandika ni kazi gani mtaikataa hata kama inalipa vizuri, wala ni nani kati yenu atakayepunguza shughuli zake mtoto akizaliwa. Watu wawili wanaweza kuwa wema na majibu yao yakapishana kabisa.

Nina maoni yangu kuhusu kijana huyo, na ulimi unaniwasha, ila baba yako amenisihi nisiyaandike, nami nimemkubalia kwa shida. Mwombe tu kijana huyo awe mdhamini wa deni ambalo hujamwonyesha hesabu zake. Akikubali papo hapo, msipange tarehe kabla hujazungumza nami.

Mama yako