Nimeongeza kwenye listi, mbona haiongezeki?

SWALI: Habari fundi. Nina klasi yangu ya C++ inaitwa Mchezaji, nimeifunga kwa pybind11 (maktaba ya kuunganisha C++ na Python) ili niitumie kwenye Python. Ndani ina mahali, ambayo ni klasi nyingine ndogo yenye x na y, halafu ina alama ambayo ni vekta, yaani listi ya namba ya C++, std::vector<int>, zote nimeziweka wazi kwa def_readwrite ili Python izisome na kuziandika. Sasa nikiandika m.mahali.x = 5 inabadilika freshi kabisa, ila m.alama.append(7) haileti erori yoyote halafu nikiprinti listi iko vilevile kama sijafanya kitu!! Nimekesha siku mbili, naomba msaada.

JIBU: Pole sana, hapo wengi wamelia. Ukiandika m.alama unaona kama unachukua kitu kilichokaa tu pale, kumbe kuna geta (funksheni ya kusoma thamani) inaitwa kimyakimya, na inachokupa ndo mchezo wote. Mahali ni klasi uliyoisajili mwenyewe, kwa hiyo geta inakupa kilekile kilichoko upande wa C++. Alama sasa, kwa kuwa umeinkludi pybind11/stl.h, kila ukiisoma vekta nzima inakopiwa inakuwa listi mpya ya Python. Hiyo 7 yako iliingia kweli, ila kwenye kopi isiyo na mwenyewe, mstari ukiisha nayo imeenda. Huamini? Jaribu m.alama is m.alama uone, itakuambia False.

Na kwenye lupu ndo balaa, maana ukisoma m.alama[i] mara 10,000 kwenye vekta ya namba 10,000 umekopi namba milioni 100 bila kujua, halafu unalaumu Python iko slo.

Dawa ya haraka: a = m.alama, kisha a.append(7), kisha m.alama = a, hapo seta (funksheni ya kuandika thamani) inapeleka kila kitu C++. Ukitaka listi iliyo hai kabisa, yaani isiyokopiwa, weka PYBIND11_MAKE_OPAQUE(std::vector<int>) juu ya faili, nje ya namespace, halafu utumie py::bind_vector ya stl_bind.h, na kama una mafaili kadhaa iweke kote, ukisahau moja utatafuta mchawi.

Ingekuwa mimi lakini, def_readwrite ya alama ningeifuta, nikaweka geta tu inayorudisha py::tuple (kama listi ila haibadilishiki), pembeni funksheni ya kuongeza alama. Mtu akijisahau akaandika append anakula erori palepale, halali macho siku mbili kama wewe.