Ustadi au kamari? Maswali yenu kuhusu michezo ya pesa

Niko Marekani. Kuna programu ya karata: nalipa dola 5, mwenzangu analipa 5, kila mtu anacheza peke yake, na mwenye pointi nyingi anachukua 8. Hiyo si kamari?

Majimbo mengi hutazama vitu vitatu: malipo ya kuingia, zawadi na bahati. Vikikutana vyote ni kamari. Kwako viwili vya kwanza vipo wazi, kwa hiyo ubishi ni bahati tu. Ndiyo maana programu hizo huwapa wachezaji wote wawili karata zilezile kwa mpangilio uleule. Zikikuangukia mbaya, zimemwangukia na mwenzako. (Dola 2 zinazobaki ni za kampuni, ashinde nani ashinde.) Kisha kipimo hutofautiana. Majimbo mengi huuliza kipi kimezidi, ustadi au bahati. New York ni kali zaidi: bahati ikichangia matokeo kwa kiasi cha maana, basi imetosha, hata kama ustadi nao umo. Kabla ya kuweka pesa, tafuta kwenye masharti orodha ya majimbo yaliyozuiwa. Ukidanganya ulipo, unaweza kushinda halafu ukanyimwa malipo.

Mbona poka inaitwa kamari wakati mabingwa ni walewale kila mwaka?

Hoja hiyo ilishinda mahakamani Brooklyn, New York, mwaka 2012: katika kesi ya mtu aliyeshtakiwa kwa ajili ya poka, jaji wa shirikisho Jack Weinstein alikubali kwamba katika mchezo huo ustadi umezidi. Mwaka 2013 mahakama ya rufaa ikatengua. Haikusema poka ni bahati tupu. Ilisema sheria iliyotumika kumshtaki mtu huyo haiulizi swali hilo kabisa. Uingereza wameufunga mlango mapema: Sheria ya Kamari ya 2005 inauhesabu mchezo wenye bahati na ustadi pamoja kuwa mchezo wa bahati.

Nasikia India mchezo wa karata wa rami ni halali.

Habari nusu. Mwaka 1967 Mahakama ya Juu ya India ilisema rami ni mchezo wa ustadi zaidi, kwa kuwa lazima ukumbuke karata zilizotupwa na ujue ipi ya kushika na ipi ya kuachia. Kampuni za mtandaoni ziliuegemea uamuzi huo kwa miaka. Agosti 2025 Bunge likapitisha sheria ya kupiga marufuku michezo yote ya pesa mtandaoni, ya ustadi na ya bahati pia.

Tunataka mashindano ya bao hapa Marekani, kila mtu atoe kiingilio. Tuko salama?

Bao lenyewe halina tatizo kubwa: hakuna dadu wala karata ya kuficha, kete zote ziko machoni. Angalieni zawadi inatoka wapi. Huko Nevada mtu alilipa senti 50 kujaribu kutia mpira wa gofu shimoni kwa pigo moja, zawadi dola 5,000. Mwaka 1961 mahakama ilisema si kamari, kwa sababu zawadi ilitangazwa na mwandaaji ambaye hashindani, na angedaiwa yote hata viingilio vingekuwa haba. Kwa hiyo tangazeni kiasi kamili kabla, na mwandaaji asicheze. Viingilio vikikusanywa kapuni ili mshindi azoe vyote, majimbo mengine huviona kuwa dau. Na watazamaji wakiwekeana pesa pembeni, ustadi wa wachezaji hauwakingi wao.