Kikombe Kimoja cha Jik kwa Maji Mangapi?

*Mwalimu, salaam. Mimi ni msafishaji katika kituo cha afya huku Bwera. Chupa ya jik, ile dawa ya klorini, tunayoletewa imeandikwa 3.5%, na dawa ya kupangusia sakafu inatakiwa iwe 0.5%. Nesi mmoja anasema kikombe kimoja kwa vikombe sita vya maji. Mwenzake anasema moja kwa saba. Wamebishana mpaka wamenuniana. Nimsikilize nani?*

Mama, wapatanishe. Wote wawili wameshika hesabu moja, ila mmoja anahesabu maji peke yake na mwingine anahesabu ndoo nzima.

Chukua 3.5, gawanya kwa 0.5, unapata 7. Maana yake mchanganyiko wote uwe mara saba ya jik uliyomimina. Katika hizo sehemu saba, moja imeshachukuliwa na jik yenyewe. Maji yanabaki sita. Kwa hiyo "moja kwa saba" ni sawa kama msemaji anamaanisha sehemu moja kati ya saba. Lakini atakayesikia hivyo akamimina vikombe saba vya maji atakuwa na vikombe vinane ndooni, na 3.5 ukiigawa kwa 8 inabaki 0.44 hivi. Ni pungufu, na msafishaji hawezi kuiona kwa macho wala kuinusa.

Mimi ningekuwa na mamlaka ningefuta "moja kwa kadhaa" kwenye mabango yote ya vituo vya afya na kuandika: jik 1 + maji 6. Hapo hakuna wa kununa. Kwa jerikani ya lita 20, weka jik lita 2.9 hivi, kisha ongeza maji mpaka ifike 20. Usianze na lita 20 za maji ndipo uongeze jik juu yake.

Ninyi wa Bwera hamhitaji kukumbushwa kwa nini hesabu hii si ya mchezo. Juni 2019 Ebola ilivuka kutoka Kongo ikaingia Kasese kwenu. Wakati kama ule hutumika mimumunyo miwili: ya 0.5% kwa sakafu, vyombo na mahali palipomwagika damu au matapishi, na ya 0.05% kwa mikono. Hii ya pili msiipime kutoka kwenye chupa, maana mtahitaji jik 1 na maji 69, na nani ana subira ya kuhesabu 69? Chukua kikombe kimoja cha ile ya 0.5%, ongeza maji vikombe tisa. Basi.

Mambo mawili kabla sijakuachia. Klorini huisha nguvu ikikaa juani au kwenye joto, kwa hiyo tengeneza mpya kila siku. Ndoo ya juzi haina 0.5% hata kama ulipima vizuri. Na usiichanganye kamwe na dawa ya choo yenye asidi. Hutoka gesi ya klorini, na gesi hiyo huharibu mapafu.

*Mzee, mtoto wangu alikuwa anahara. Nikachukua pakiti ya ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kumpa anayehara, nikaiyeyusha kwenye chupa ya soda ya nusu lita ili ikolee, apone haraka. Mke wangu amenigombeza. Dawa ikiwa kali si ndiyo bora? — Mwendesha boda, Busia*

Mkeo ana haki. Tena mpe pole.

Pakiti ya kawaida, ile ya lita moja, ina gramu 20.5: chumvi 2.6, glukosi 13.5, potasiamu kloridi 1.5 na sitrati 2.9. Katika lita moja ya maji, chembe zilizoyeyuka hufika milimoli 245. Damu ya mtoto ina kama 290. Umeona? ORS imetengenezwa makusudi iwe nyepesi kidogo kuliko damu, ili maji yatoke utumboni yaingie mwilini. Na sukari ile haikuwekwa kwa ajili ya utamu: utumbo hupokea sodiamu na glukosi kwa pamoja, na maji hufuata nyuma yao.

Wewe ulipotumia nusu lita, ulifikisha 490. Sasa kioevu cha tumboni kimekolea kuliko damu, na maji yanageuza njia: yanatoka mwilini kwenda utumboni. Kuhara huongezeka, na sodiamu ya mtoto inaweza kupanda vibaya. Soma pakiti, kwa sababu zipo zinazotengenezwa kwa ujazo mdogo. Kama imeandikwa lita moja, ni chupa mbili za nusu lita. Pakiti ikikosekana, tumia vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote visawazishwe, katika lita moja ya maji safi. Na mtoto akilegea au macho yakididimia, washa hiyo boda mkimbie kituoni.

*Kwa nini vidimbwi vya Ziwa Katwe hukaa muda mrefu bila chumvi kuonekana, halafu ikianza inakuja kwa wingi? — Msomaji, Kasese*

Kwa sababu jua hunyanyua maji tu, chumvi inabaki. Gramu 100 za maji hubeba chumvi ya mezani kama gramu 36, na kabla ya kufika hapo huoni kitu. Zikishafika, kila maji yanayopaa hayana budi kuacha mzigo wake chini. Ya Katwe, kwa kweli, si chumvi ya mezani peke yake. Yale maji yana kabonati na salfeti za sodiamu pia, kwa hiyo ukolezi wa kila moja hufika kikomo kwa wakati wake.

*Mwalimu, niko S.4 (kidato cha nne) hapa Arua. Niliandika kwamba mmumunyo wa 1 M wa chumvi ni gramu 58.5 ndani ya lita moja ya maji. Nimekatwa alama. Kwani 58.5 si sahihi?*

Mjukuu wangu, 58.5 ni sahihi, ndizo gramu za moli moja ya chumvi: sodiamu 23, klorini 35.5. Kilichokukatisha alama ni "lita moja ya maji". Hiyo M ni moli kwa kila lita ya mmumunyo, si ya maji. Ukiweka chumvi hiyo kwenye lita kamili ya maji, ujazo unapanda kama mililita 18, na ukolezi wako unashuka kuwa 0.98. Ndiyo maana maabara ina ile chupa yenye alama shingoni: weka chumvi, maji kiasi, tikisa mpaka iyeyuke yote, kisha jaza hadi alama.

Nikupe zoezi. Una asidi ya haidrokloriki ya 2 M, unataka mililita 500 za 0.5 M. Moli hazibadiliki ukiongeza maji, kwa hiyo ukolezi mara ujazo wa mwanzo ni sawa na ukolezi mara ujazo wa mwisho. Jibu ni mililita 125. Tangulia na maji, asidi ifuate, kisha jaza mpaka 500. Na kwenye mtihani andika hatua zote. Jibu tupu lina alama moja tu.