Udongo wa ukuta uive kwanza

SWALI: Mhariri, mimi ni mkulima wa mpunga wilayani Butaleja. Nimesikia kwamba hanoki, yaani nyumba za jadi za Korea, zina kuta za fito na udongo kama zetu. Jiko langu lilipasuka wiki mbili tu baada ya kukandikwa. Je, wenzetu huandaaje udongo wao?

JIBU: Ndugu msomaji, udongo wao mwekundu wa manjano, uitwao hwangto, hautofautiani sana na huu tunaoukanyaga mashariki mwa Uganda. Kinachotofautiana ni subira. Nadhani uliuchimba asubuhi, ukaukanda mchana, na jioni ukaukandika.

Fundi wa Korea husuka kwanza fito za mianzi, matawi au mabua ya mtama katikati ya nguzo, akizifunga kwa kamba za majani ya mpunga. Udongo wa tabaka la kwanza huwa na mfinyanzi, yaani udongo laini unaonata, wa kutosha ili ushike fito, na huchanganywa na majani makavu ya mpunga yaliyokatwa vipande vifupi, ambayo wewe, nikikisia, huyachoma moto baada ya mavuno. Mchanganyiko huo hukanyagwa kwa miguu, kisha huachwa ukiwa na maji kwa siku kadhaa. Majani hulainika na kuanza kuoza, harufu hubadilika, na tope linakuwa la kunata kama ugali wa muhogo. Usiogope harufu hiyo. Ndiyo dalili ya kwamba umeiva.

Mfinyanzi hunywea unapokauka, ndiyo maana ukuta hupasuka. Mchanga hupunguza kunywea huko, na majani huushikilia udongo usiachane. Kwa hiyo nyufa ndogo katika tabaka la kwanza si kosa, mradi likauke kabisa kabla ya kuongeza la pili. Tabaka la mwisho hutaka udongo uliochekechwa, mchanga mwingi zaidi na majani laini. Penye uwezo, Wakorea hupaka juu yake chokaa iliyotiwa maji ya mwani uliochemshwa, jambo ambalo sisi tulio mbali na bahari tutaliacha.

Kabla ya kuchimba tena, tia udongo wako na maji katika chupa ya kioo, utikise, uache hadi kesho yake. Mchanga utatua chini, mfinyanzi juu. Tabaka la juu likiwa nene kupita la chini, ongeza mchanga, kisha kandika kibao kidogo cha majaribio nyuma ya jiko.