Maswali na Majibu: Sheria au biashara, ipi inalipa mbele ya safari?

SWALI: Nimemaliza sekondari. Baba anataka nisome sheria, shangazi anasema pesa ziko kwenye biashara. Naomba hesabu ya miaka 30 au 40, siyo ya mshahara wa kwanza.

JIBU: Neno "biashara" linabeba kazi mbili. Kuna meneja aliyeajiriwa, na kuna mwenye mali. Shangazi yako bila shaka anamsema wa pili, tena yule aliyefanikiwa. Waliofunga biashara zao hawaonekani, kwa hiyo hawahesabiwi.

Wakili wa ofisi binafsi huuza saa. Tuseme ameandika saa 1,600 za kazi za wateja kwa mwaka. Asilimia 10 hukatwa kabla ankara haijatoka, kwa kuwa kazi ilichukua muda ambao mteja hatakubali kuulipia. Zinabaki 1,440. Katika hizo, asilimia 8 hazilipwi kamwe, zinabaki kama 1,325. Na hapo bado hujalipa pango, makarani, bima na ada ya leseni. Wengi huzidisha 1,600 kwa bei ya saa, wakaita hayo mapato.

Njia ya kuvuka kikomo cha saa zake mwenyewe ni kuwa mbia, ale faida ya saa za mawakili wadogo. Mshahara unakoma, anapata mgawo, na mara nyingi anatakiwa kuchangia mtaji, ambao wengi huukopa benki. Akistaafu, kwa kawaida hurudishiwa mtaji wake. Lakini jina na wateja atamuuzia nani? Nchi nyingi zinamzuia asiye wakili kumiliki ofisi ya uwakili. Australia ililegeza mapema: ofisi ya kwanza duniani ya mawakili kuingia soko la hisa ilikuwa ya huko, mwaka 2007.

Hapa ndipo biashara inapoipita sheria. Kiwanda kinachoenda bila mwenyewe kuwepo kinaweza kuuzwa kwa bei inayolingana na faida ya miaka kadhaa, kwa mkupuo mmoja. Kisichoenda bila yeye hakiuziki. Huyo naye anauza saa kama wakili, ila hana leseni ya kumpunguzia washindani. Na akitia saini dhamana binafsi benki, kampuni ikianguka nyumba inaweza kwenda nayo. Kwa mtu wa kawaida, basi, sheria ina sakafu ya juu zaidi. Biashara ya kumiliki ina dari ya juu zaidi. Meneja wa kuajiriwa yuko karibu na wakili kuliko anavyodhani.

Usisahau miaka ya masomo. Fedha 1,000 zilizowekezwa ukiwa na miaka 24, zikikua asilimia 7 kwa mwaka, zinafika karibu 15,000 ukiwa na 64. Ukianza na miaka 30, karibu 10,000. Wakili anayechelewa kuanza kuweka akiba lazima aweke nusu tena zaidi ili kumfikia mwenzake, na deni la ada linamsubiri kabla ya yote.

SWALI: Kampuni changa imenipa mshahara mdogo na ahadi ya asilimia 1 ya hisa. Rafiki yangu wakili anapata maradufu yangu. Nitamfikia?

JIBU: Asilimia 1 ya leo siyo ya siku ya kuuza. Kampuni ikiingiza wawekezaji mara tatu, kila mara ikitoa asilimia 20, yako inabaki asilimia 0.512. Sasa kampuni iuzwe milioni 10, na mkataba uwape wawekezaji kwanza milioni 6 zao, ndipo wenye hisa wote wagawane zilizobaki. Wewe unapata 20,480, siyo zile 100,000 ulizokuwa unaziota.

Tazama pia ratiba ya kuzipata. Iliyozoeleka ni miaka 4, na ukiondoka kabla ya miezi 12 hupati hata moja. Uliza kama hisa unapewa au utazinunua, na kwa bei gani. Zaidi ya yote, dai kwa maandishi jumla ya hisa zote za kampuni, zikiwemo zilizoahidiwa wengine. Hisa 10,000 peke yake ni tarakimu tu. Wakikataa kukupa jumla hiyo, andika sifuri mahali pa hisa unapojilinganisha na rafiki yako.