Maswali yenu: pete za ndege na viota vya Mida

Toleo lililopita niligusia kidogo tu kwamba nimemaliza mwaka mzima nikienda Mida Creek, mkono wa bahari karibu na Watamu, na kikundi chetu, kuvisha ndege pete zenye namba miguuni na kufuatilia viota, basi meseji zikamiminika. Nimechagua tano, manake nyingi zilikuwa zinauliza jambo lile lile.

Salaam. Mimi navua hapa Mida tangu utoto wangu na nyinyi nawaona usiku kwenye matope na taa za kichwani. Hao ndege mchana wamejaa tele, kwa nini mhangaike gizani? – Mvuvi, Dabaso

Waalaikum salaam ndugu yangu. Mchana ndege anauona wavu. Neti zetu ni nyembamba sana, ukisimama hatua tano mbali huioni, lakini ndege ana macho kutushinda sote, na mwezi ukiwaka anaiona vile vile. Kwa hivyo tunangoja giza la mwezi kuandama, na we mvuvi unajua mwezi ukiandama unakuja na nini: bamvua, maji kujaa kupita kawaida. Maji yanajaa kuelekea saa kumi za usiku, yanameza matope yote waliyokuwa wanakula, ndege wanasogezwa ukingoni kwenye mikoko na hapo ndio neti zinawangoja.

Hesabu ya maji ndio kazi yenyewe. Wavu wa chini ndege akiingia unalegea, kwa hivyo ukiweka chini sana ndege anaweza kuzama. Usiku mmoja wa Novemba nilikadiria vibaya, neti ya mwisho ikaanza kulowa na ndani mna ndege watatu, nikakimbia kwenye tope la magotini nikawatoa mmoja mmoja wakiwa wazima, lakini mikono ilinitetemeka mpaka kumekucha. Tangu siku hiyo tunachomeka kijiti chenye alama kwenye maji kabla hata neti ya kwanza haijafunguliwa, na mtu mmoja kazi yake ni kuangalia kijiti tu, hagusi ndege. Wazee wenu wa Dabaso ndio walitufundisha kusoma maji ya pale, kitabu cha saa za maji kinasema jambo moja na mkono wa bahari unaoingia ndani vile una mambo yake.

Hiyo pete haimuumizi? Mguu wenyewe kama njiti ya kiberiti. – Mama wa watoto wawili, Gede

Haimuumizi, ikivishwa na mtu aliyefunzwa. Pete ni ya aluminiamu au chuma chepesi, kila aina ya ndege ina saizi yake, inazunguka na kupanda na kushuka mguuni kama bangili. Tunaifunga na plaizi maalum zenye matundu ya saizi za pete, sio hizi za fundi umeme. Kinachoweza kumuumiza ndege sio pete bali uzembe: kumwacha kwenye neti muda mrefu, jua, baridi ya umande, na siafu, siafu wakipanda mti wa neti kabla hujafika utalia. Kwa hivyo neti inakaguliwa kila baada ya dakika 20 hivi, na ndege wakizidi mikono tuliyo nayo tunafunga neti hata kama usiku ni mzuri namna gani.

Nimesikia mnawashika ndege wale wale mara ya pili, ya tatu. Si mmeshampa pete, mnamtafutia nini tena? Na kwa mwaka mzima mmejua nini ambacho mtu wa darubini hakijui? – Msomaji, Kilifi

Swali hili nilikuwa nalingoja, manake hata mimi nilipoanza nilidhani ndege mpya ndio zawadi. Sio. Ndege mpya anakwambia jina lake na uzito wake wa usiku huo, basi. Aliyerudi ndio anakuhadithia.

Chukua wale chekeamwezi wadogo wenye mdomo uliopinda kuelekea chini, wanaozaa Siberia kule juu kabisa. Kusi inapoanza kuchoka, Agosti na Septemba, wanatua kwetu wamechakaa, manyoya ya mabawa yamekatika ncha, mzani unasoma gramu 50 na kitu. Kaskazi nzima wanabadilisha manyoya ya mabawa, unyoya mmoja baada ya mwingine, tunaukunjua bawa kwa tochi na kuandika kila unyoya umefika wapi, mpya, nusu, wa zamani. Halafu Aprili, mvua za mwaka zinakaribia, unamshika yule yule, namba yake ile ile, na anapita gramu 70. Unampuliza tumboni manyoya yafunguke unaona mafuta ya njano chini ya ngozi, hapo umeshika petroli ya safari. Hayo mafuta ameyatoa kwenye matope ya Mida, kwenye viminyoo na vikaa vidogo vidogo, na mtu akija kuniambia yale matope ni eneo tupu lisilo na kazi nitamwonyesha ile karatasi yenye mizani miwili ya ndege mmoja. Darubini haikupi hilo. Mtu wa darubini anaona ndege elfu moja Novemba na elfu moja Februari, hajui ni wale wale au ni wengine wamepita njia.

Na kuna yule mweupe na mweusi mwenye mdomo mnene, anayekula kaa, Dromas ardeola wanavyomwandika wataalamu. Huyu sitaki kumpita haraka. Anazaa kwenye fukwe za Uarabuni na Ghuba na pembe ya Afrika, anachimba shimo refu mchangani na kutaga yai moja tu jeupe, na joto la mchanga ndilo linalosaidia kulilea, ndege wengine wa fukweni hawana mtindo huo. Halafu wakija kwetu Mida na mtoto, mtoto bado anaomba chakula! Nimemtazama mmoja Oktoba, mkubwa karibu sawa na mzazi ila rangi ya kijivu, anamfuata mamake nyuma nyuma anapiga kelele, mama anavunja kaa miguu, mtoto anapokonya. Kiota kiko Uarabuni, meza iko Kilifi. Ndio maana ukiniuliza Mida ina viota vingapi vya ndege wa matopeni, jibu sufuri halitoshi.

Tukirudi kwenye hao wanaorudi. Mwaka 1956 kule kisiwa cha Midway, katikati ya Pasifiki, Mmarekani Chandler Robbins, mtaalamu wa ndege, alimvisha pete albatrosi jike, ndege mkubwa wa baharini. Mwaka 2002 akarudi pale pale, akamshika ndege, kuangalia namba, ni yeye mwenyewe alimvisha miaka 46 nyuma. Huyo ndege, wakamwita Wisdom, mwaka 2024 alitaga tena. Bila ile pete angekuwa albatrosi mmoja tu katikati ya maelfu, na hakuna mtu angejua kwamba ndege anaweza kulea watoto katika umri huo.

Nafundisha shule ya msingi karibu na bwawa lenye matete. Watoto wanapenda viota, nataka tuviandike kama nyinyi lakini naogopa tutaviharibu. Tuanzeje? – Mwalimu, Malindi

Mwalimu, hofu yako ndio sifa ya kwanza ya mwandika viota, usiipoteze.

Sisi vya kwetu vingi ni vya mnana, wale wa manjano wanaofuma kwenye matete na minazi, tuna kidimbwi cha maji baridi nyuma ya mikoko. Kila kiota kina namba, tarehe, kimo, kiko kwenye mmea gani, mayai mangapi, makinda wamefungua macho au bado. Tunachungulia kwa kioo kidogo kilichofungwa kwenye fimbo, sekunde kadhaa, tunaondoka. Usiende mvua ikinyesha wala jua kali la adhuhuri, mama akitoka mayai yanapoa au yanachomeka. Makinda wakishaota manyoya usiwakaribie tena, wataruka kabla ya siku yao na wataishia majini. Na njia yako isiishie kwenye kiota, pitiliza mbele utokee upande mwingine, manake kenge na nguchiro wanafuata mkondo wa nyasi zilizolazwa, ukiwaachia njia inayoishia kiotani umewapelekea sahani.

Halafu jambo ambalo wengi wanakosea: rudini. Kila baada ya siku nne, tano hivi, na muandike hata kikiwa kitupu, hata kimeanguka, hasa kikiwa kimeanguka. Watoto watataka kuandika vile vilivyofaulu tu, inauma kuandika kwamba mayai matatu hayapo, mimi mwenyewe Julai kusi ilipolaza kona nzima ya matete na viota vyake ilinichukua siku mbili kufungua daftari. Lakini hiyo ndio habari.

Kuna hesabu nzuri kwa darasa lako la juu, aliitoa Harold Mayfield, mtafiti wa ndege Mmarekani, mwaka 1961. Kiota unachokikuta tayari kina makinda wakubwa kimeshavuka hatari nyingi, vile vilivyokufa mapema hukuviona kabisa, ni kama kwenda darasa la nane kuhesabu wanafunzi na kusema hakuna aliyeacha shule. Kwa hivyo hesabu siku. Tufanye mfano: viota 20, ukijumlisha siku za kila kiota mmevifuatilia siku 200, vimepotea 10. Kwa macho utasema nusu wamefaulu. Lakini 10 kwa 200 ni asilimia 5 kila siku, maana yake kiota kinavuka kila siku kwa 0.95, na safari ya yai mpaka kuruka tuseme ni siku 25, zidisha 0.95 mara 25 utapata kama 0.28. Sio nusu tena, ni chini ya theluthi. Wape watoto waizidishe wenyewe, watanyamaza.

Na mkiona kinda mmoja mgeni kwenye kiota cha mnana na wenzake hawapo, msimlaumu mnana, hiyo ni kazi ya kekeo, anataga kwenye nyumba ya mwenzie.

Babangu aliokota ndege mdogo amekufa ufukweni, mguuni ana pete yenye herufi za kigeni. Bibi anasema tuitupe, ni ya ushirikina au ya majasusi. Iko kwenye kopo la sukari. Tufanyeje? – Msichana wa kidato cha pili, Mambrui

Msalimie bibi, mwambie shikamoo kutoka kwangu, na kwamba hayuko peke yake, mwaka 2013 kule Misri korongo aliyefungwa kifaa cha kufuatilia safari zake alipelekwa polisi kwa kushukiwa ujasusi. Msiitupe.

Inyoosheni taratibu bila kuikwaruza, piga picha kila herufi na kila namba, hata iliyofifia. Muulize babako tarehe, hata kama ni mwezi tu, na mahali penyewe, na alimkuta vipi, amekauka au bado mbichi, ana nyavu au mafuta mwilini. Habari hizo zipeleke kwa watu wa ndege wa Makumbusho ya Taifa Nairobi, wao watazituma nchi pete ilikotoka, au kama Nairobi ni mbali A Rocha Kenya, shirika la kuhifadhi mazingira, wako Watamu hapo karibu yenu. Baadaye mnaletewa majibu: alivishwa wapi, siku gani, alikuwa na umri gani. Ndege wanaovishwa pete Ngulia, kule Tsavo Magharibi, tangu mwaka 1969, tunajua wanapita Saudi Arabia na wengine wanafika Urusi kwa sababu kuna mtu kama babako aliinama akaokota.

Na siku mkiokota aliye hai, msimvue pete. Someni namba, piga picha, mwachieni aende. Jibu likija niandikie, nataka kujua ndege wa kopo la sukari alitoka wapi.