Maswali yenu: stuli ya bomba na plaiwudi

Tangu nieleze nilivyotengeneza stuli ya pembeni ya kochi kwa mabomba ya maji na kipande cha plaiwudi, maswali yamekuja mengi. Nimeanza na haya sita.

Shikamoo fundi. Nimetoboa plaiwudi tundu la nusu inchi, bomba la nusu inchi limegoma kuingia. Nimeuziwa feki? (Kijana wa Igoma)

Marahaba, kijana wangu. Hujaibiwa. Hiyo "nusu inchi" ni jina lililotokana na nafasi ya ndani ya bomba. Kwa nje lina milimita 21 na kidogo. La robo tatu lina karibu 27. Ila kwa stuli hii usitoboe kabisa. Funga flenji, kile kisahani cha chuma chenye mdomo wa bomba katikati, chini ya plaiwudi kwa skrubu nne, kisha bomba liingie kwenye flenji. Plaiwudi ya milimita 18 inatosha, na skrubu isizidi milimita 16. Ukiweka ya inchi nzima, ncha itachomoza juu pale unapoweka kikombe.

Nimeunganisha miguu minne kwa mabomba ya chini ili yafanye fremu ya mraba. Nikikaza kona moja, ya pili inalegea. Nakosea wapi? (Baba wawili, Nyakato)

Hili lilinila Jumamosi nzima, kwa hiyo naomba tuelewane vizuri. Shika kipande cha bomba chenye nyuzi, yaani ile mikato ya kukazia kama ya skrubu, ncha zote mbili. Kizungushe kiingie kwenye elbo (kiungo cha kona) ya kushoto: mzunguko huohuo unakitoa kwenye elbo ya kulia. Nguvu yako haina kosa, wala elbo si mbovu. Umbo lolote la bomba linalojifunga kama duara haliwezi kukazwa kwa nyuzi peke yake. Mafundi bomba wanalijua hili, ndiyo maana wanaweka yunioni, kile kiungo chenye nati kubwa katikati kinachokazwa bila kuzungusha bomba.

Yunioni moja itakutoa kwenye shida, lakini ni nene na kwenye stuli ndogo inaonekana kama goti lililovimba. Mimi nashauri umbo la H. Unganisha miguu miwili kwa bomba lenye tii (kiungo cha midomo mitatu) katikati, fanya hivyo na miwili mingine, kisha bomba moja lipite kati ya zile tii mbili. Hapo hakuna mraba wa bomba uliofungwa. Kinachofunga umbo zima ni plaiwudi, na plaiwudi inafungwa kwa skrubu. Skrubu za flenji ziwe kazi ya mwisho kabisa.

Fundi wa kuchomelea hapa jirani anasema ataniunganishia yote kwa nusu saa. Nimpe? (Mama wa Kirumba)

Mama yangu, kama ni bomba la maji linalong'aa kwa weupe, usimpe. Weupe huo ni zinki. Zinki inageuka mvuke kwenye nyuzi joto 907, na chuma hakiyeyuki mpaka kipite 1,400. Kwa hiyo kabla chuma hakijashikana, zinki imeshakuwa moshi mweupe, na vipande vyake vinaelea hewani kama pamba. Anayeuvuta anaweza kuwa salama jioni, halafu usiku akatetemeka, akaumwa viungo na kupata homa, akadhani ni malaria. Kunywa maziwa kabla ya kazi hakuzuii moshi kuingia mapafuni. Mwonee huruma huyo fundi, ni mtoto wa watu. Ukitaka kuchomelea lazima, nunua bomba jeusi lisilo na zinki, na kazi ifanyike nje penye upepo.

Plaiwudi nzima inatoa stuli ngapi? (Msomaji wa Buzuruga)

Ya futi 8 kwa 4, ukikata sentimita 40 kwa 40, unapata vipande 18. Bomba la mita 6 linatoa miguu 13 ya sentimita 45.

Tunaishi Nansio karibu na maji. Plaiwudi yetu ilifura pembeni ndani ya msimu mmoja wa mvua. (Dada wa Ukerewe)

Unyevu uliingilia ubavuni, dada, pale msumeno ulipoacha tabaka wazi. Tazama ubavu kwa karibu: utaona tabaka moja limelala na jingine limesimama, na lile lililosimama linanyonya maji kama mrija. Piga msasa, paka gundi ya mbao iliyochanganywa na maji kidogo, iache ikauke, kisha vanishi mara tatu. Upande wa chini nao upakwe mara tatu hizohizo, la sivyo ubao utapinda. Paka asubuhi. Jioni ukiwasha taa, wale wadudu wa ziwani watakuja kama wingu na kuganda kwenye vanishi mbichi.

Imekamilika lakini inacheza sakafuni. Nikate mguu? (Dada wa Nyegezi)

Weka msumeno chini! Nyuzi za bomba la nusu inchi ni 14 kwa kila inchi, maana yake mzunguko mmoja unasogeza mguu milimita 1.8. Geuza stuli, tafuta mguu ulio mfupi, fungua kifuniko cha chini nusu mzunguko tu. Simamisha tena, bonyeza kona kwa kiganja. Ikicheza bado, ongeza robo.